Sura Haikatwi Katikati

Baba alikuwa na furaha siku ile kwa sababu ya ng'ombe. Alikuwa amemnunua soko la Lubao, mweusi mwenye paji jeupe, na tangu asubuhi alikuwa akipita zizini kumtazama kama bwana harusi. Mama alimcheka waziwazi.

"Muingize ndani basi, mkuwe mnalalanga naye," alisema.

Ilikuwa miaka ya neema ya miwa. Kwetu, upande wa Malava, ililimwa hadi mlangoni. Ukitoka jikoni na maji ya kuoshea vyombo, unaimwagia miwa. Nyumba za nyasi zilikuwa zikigeuka za mabati. Fedha za mavuno yake ya kwanza Baba alizifanyia mambo mawili: aliezeka nyumba, kisha akanunua Biblia kubwa ya jalada jeusi.

Kila jioni alitusomea sura moja, kwa mpangilio, tangu Mwanzo, bila kuruka hata zile sura za fulani kumzaa fulani. Mama hakujua kusoma. Aliketi mikono mapajani, obusuma, ugali wetu, imefunikwa mezani, na mimi Muhonja na mdogo wangu Shitandi tukiikodolea macho ile sahani kwa imani ambayo Maandiko hayakuwahi kuipata kwetu.

"Baba Muhonja, obusuma inapoa."

"Imebaki kidogo."

Haikuwahi kubaki kidogo. Alisema hivyo hata akiwa bado mwanzoni mwa ukurasa, naye Mama akaguna. Walikuwa na ubishi wao wa siku zote. Mama alishikilia kwamba watu wasomewe kiasi wanachoweza kubeba, kwa kuwa mtoto hatwikwi gunia. Baba alijibu kwa miwa. Muwa hukatwa chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu huko ndiko sukari ilikojaa. Anayekata juu anaiachia ardhi utamu wake. "Na sura ni hivyo hivyo," alisema. "Haikatwi katikati." Mama alimwambia basi ale hiyo sukari, sisi tule ugali.

Watu wa ng'ambo ya mto tulikuwa tukiuziana nao vizuri. Walileta maziwa ya mgando kwenye vibuyu, wakarudi na mahindi. Kisha siasa ya mipaka ikaingia, na majukwaani yakasemwa maneno ambayo jirani hamwambii jirani yake. Kwanza waliibwa ng'ombe, sijui wa nani walitangulia, wao au sisi. Halafu ikachomwa nyumba. Halafu akauawa mtu.

Madereva wa trekta za kampuni ya sukari wakaogopa kuja. Miwa yetu iliyokuwa imeiva ikabaki imesimama hadi ikaanza kutoa maua. Baba alihesabu kuwa ni hasara, kumbe ndiyo ilikuwa maficho yetu.

Jioni ya siku ile ya ng'ombe, zamu ilikuwa ya Zaburi ya mia moja na kumi na tisa. Anayeijua Biblia anajua kwamba hakuna sura ndefu kuliko hiyo. Baba alianza mapema, jua bado likiwa juu ya migomba. Alisoma, akanywa maji, akasoma. Shitandi alisinzia, akaamka, akamkuta bado anasoma.

Ndipo tukasikia filimbi kutoka mtoni.

Baba hakuinua macho. Filimbi ikajibiwa na nyingine. Mama alisimama.

"Baba Muhonja, wacha. Twende."

"Imebaki kidogo."

"Kila siku inabakinga kidogo! Hawa watoto nitawafunika na Biblia?"

Baba alimtazama. Sijasahau uso wake: hakukasirika, alionekana kama mtu aliyeombwa kitu kikubwa na ameamua kukitoa. Alichukua kipande cha jani la muwa alichokuwa akiwekea alama, akakilaza ukurasani, akafunga Kitabu. Mama alikwisha kumshika mkono. Kitabu kikabaki mezani, pembeni mwa chakula.

Tuliingia kwenye miwa, ndani kabisa.

Majani yalitukata shingo na mikono. Tulilala chini, Mama amemziba Shitandi mdomo. Tulilala muda mrefu, hadi giza likakolea, bila kusikia lolote isipokuwa panya.

Kisha miguu. Mingi. Ilipita kandokando ya shamba.

Mtu mmoja alikohoa.

Ikapita.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa mzito. Kutoka ukingoni mwa shamba tuliona nyumba yetu ingali imesimama, mabati yake yaking'aa. Tukadhani wameturuka.

"Naenda kuona ng'ombe," Baba alinong'ona, "na nichukue Kitabu."

"Ng'ombe atajiona mwenyewe."

"Sijamaliza sura, Mama Muhonja. Nitawamalizia hapa hapa."

Mama alikuwa ameshinda mara moja, jioni iliyopita. Nadhani aliona haya kushinda tena. Aliuachia mkono wake.

Baba alikawia.

Tukasikia sauti moja, fupi. Haikurudiwa.

Halafu moshi.

Polisi walipofika na majirani, tulimkuta kati ya mlango na ukingo wa miwa. Mshale ulikuwa umemwingia mgongoni. Alikuwa anarudi kwetu. Kitabu kilikuwa chini ya kifua chake, na ndiyo sababu hakikuungua, ingawa nyumba ilibaki kuta tu. Ng'ombe hakuonekana tena.

Mama alikifuta Kitabu kwa leso yake, akakifungia humo humo. Hakuna aliyeruhusiwa kukifungua.

Tulikaa kwa majuma kanisani, tumelala kati ya mabenchi. Mhubiri mmoja alisema Baba amekufa kwa ajili ya Neno. Mama alinyanyuka akatoka nje. "Alikufa kwa sababu nilimkatia sura katikati," aliwaambia wanawake waliomfuata. Wakamwambia kama angengoja, wavamizi wangetukuta mezani sote wanne. Akasema anajua. Kujua hakukumsaidia kitu.

Tulipopewa Biblia nyingine, Mama aliweka sheria mpya: mstari mmoja kwa siku, basi. Hivyo ndivyo tulivyokua. Tulikula obusuma ya moto kila jioni, na nilikuwa tayari kutoa chochote niile imepoa.

Sasa nina nyumba Shirere, napangisha vyumba kwa wanafunzi, na Mama anaishi nami. Mwaka jana kanisa letu lilitaka kila nyumba iamue itasoma kiasi gani: Biblia nzima kwa mwaka, Agano Jipya peke yake, au sura moja kwa siku. Mume wangu alichagua nzima kabla hata hajaulizwa. Mimi nilishindwa. Nikamuuliza Mama. Aliingia chumbani kwake, akarudi na lile furushi la leso.

"Nisomee pale alipowacha."

Jani la muwa lilikuwa pale pale, limekauka, rangi ya chai. Chini yake ilibaki mistari michache. Maji niliyokuwa nimebandika jikoni hayakuwa hata yamechemka nilipofika ule wa mwisho, ambapo mtu aliyepotea kama kondoo anamwomba Mungu amtafute.

"Endelea," Mama alisema.

"Imeisha, Mama."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Aliipapasa ile leso.

"Kumbe siku hiyo alikuwa anasema ukweli," alisema. "Ningengoja."

Nilimwambia yale waliyomwambia wanawake kanisani, kwamba tungekufa sote. Lakini mimi nilikuwepo. Nakumbuka jinsi tulivyolala muda mrefu kwenye miwa kabla ya kusikia mguu wa mtu yeyote. Mistari ile ingesomwa ikaisha, Kitabu kingekuja nasi kwapani mwake, na asubuhi asingekuwa na la kurudia isipokuwa ng'ombe, na kwa ng'ombe Mama angemshika mkono asimwachie. Hilo sikumwambia. Alilia hadi leso ikalowa, na nadhani alikuwa amelifikia mwenyewe.

Siku hizi nyumbani kwangu tunasoma sura nzima. Mume wangu hulalamika kwamba chakula kinapoa. Mimi humwambia imebaki kidogo, lakini kwanza huwa natazama ukurasa kama ni kweli.