Malkia Avuliwa Taji Virgin Gorda

Samaki ambaye kwetu tunamwita kikande, kisiwani Virgin Gorda, huko Karibi, anaitwa Mke Mzee, na hakuna anayemchuna kama Bi Ianthe Frett. Wengine huhangaika na koleo. Yeye hupitisha kisu nyuma ya kichwa, akavuta, na lile koti gumu lote la ngozi, manjano tumboni na buluu mgongoni, likatoka kama shati. Ameifanya kazi hiyo ufukweni tangu hajaolewa. Sasa ni mjane mwenye wajukuu, na glavu hajawahi kuvaa.

Kila tamasha la Pasaka, kibanda cha kwanza kando ya jukwaa ni chake, kama kilivyokuwa cha mama yake. Anauza kitu kimoja: Mke Mzee aliyechemshwa kwa vitunguu na siagi, pamoja na fungi, sima yao ya mahindi yenye bamia. Wanaume hawachoki na mzaha ule ule. Mmoja atasema mke mzee anaye tayari nyumbani, apewe kijana. Bi Ianthe humjibu kwamba aliye nyumbani naye aliomba kijana, akaletewa yeye.

Mwaka mmoja mwenyekiti wa kamati ya tamasha, Elmo Wheatley, mwenye magari ya kukodisha, alimjia na habari kwamba jina hilo linawafukuza watalii. Vitabuni samaki huyo huitwa malkia, kwa hiyo kibanda kitaandikwa Malkia wa Karibi. Akikataa, nafasi atapewa muuza soseji. Bi Ianthe aliuliza kama huyo malkia amewahi kulisha mtoto yeyote pale kisiwani. Elmo akacheka, lakini kibao akakileta, kina herufi za dhahabu na taji juu yake. Bi Ianthe akakitundika. Kibanda cha mama yake hakuwa tayari kukipoteza.

Jumatatu ya Pasaka, hadi adhuhuri, sufuria ilikuwa bado imejaa. Watalii walilipiga picha taji, kisha wakaenda kununua kuku. Wenyeji walipita wakinyoosha shingo, wakidhani hicho ni chakula cha hoteli. Ndipo akafika Bwana Lettsome, aliyevuka kwa boti kutoka Anegada kwa ajili ya sahani ile tu. Alikitazama kibao, akavua kofia.

"Kwa hiyo umeacha, dada."

"Nimeacha nini?"

"Mke Mzee. Basi, hata wewe umechoka."

Bi Ianthe akainuka. Alikishusha kibao, akakilaza mezani, akachukua ngozi ya kikande iliyokauka juani, kali kama msasa, ambayo mabibi wa kisiwa hicho walisugulia sakafu za mbao. Akaanza kusugua. Taji lilitoka kwanza. Watu wakasimama kutazama, na Bwana Lettsome akatangaza kwamba leo mke mzee kamvua malkia taji. Kicheko kikaenda hadi barabarani. Bi Ianthe alipomaliza kuandika jina la samaki wake kwa mkaa, foleni ilikuwa imeshajipanga.

Elmo alikuja mbio, akamkumbusha walivyokubaliana. Bi Ianthe hakuacha kupakua.

"Niondoe sasa hivi, mwanangu, watu wote hawa wakuone. Au shika sahani."

Elmo aliigeukia foleni. Mama yake mzazi alikuwa humo, naye akamwambia asimcheleweshee chakula. Akashika sahani.

"Unataka nini?" Bi Ianthe akamuuliza.

"Si unajua, Bi Ianthe."

"Sijui. Nina kitu kimoja tu, na kina jina."

Elmo akashusha pumzi, akalitaja. Waliokuwa nyuma wakadai hawakusikia. Akalitaja tena, safari hii hadi wapiga ngoma jukwaani wakageuka. Bi Ianthe akamchagulia kipande cha mgongo, minofu mitupu, akakimwagia mchuzi, akaita anayefuata.