Picha ya Tangi la Buluu

Maji ya bomba katika chumba nilichopanga Migori mjini yananukia klorini. Kila nikiinua glasi, nasimama tena penye chemchemi ya kwetu, karibu na Muhuru Bay, kidumu cha lita tano mkononi.

Shirika fulani lilikuwa limetuwekea pale tangi la buluu la klorini, dawa ya kutibia maji. Mama, mhudumu wa afya wa kujitolea, ndiye aliyeshika ufunguo wake na kutufundisha: zungusha koki mara moja kwa kila mtungi. Siku wageni walipofika na kamera, tangi lilikuwa limekaa tupu wiki kadhaa, na mdogo wangu alikuwa amelala nyumbani akiharisha.

"Mama, zungusha tu, tupige picha," mgeni mmoja akamwambia.

Mama akazungusha. Halikutoka hata tone. Akatabasamu.

"Daktari, leo unatutilia upepo?" jirani akamtania Mama kwa sauti, na wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza Mama kwa nini hakuwaambia wageni ukweli.

"Niliwaambia. Wakasema wao wametumwa picha, dawa ni ofisi nyingine. Ningekataa, nani angeikumbuka chemchemi hii?"

Nyumbani alichukua kuni za chakula cha jioni, akachemshia yale maji ya chemchemi.

Mdogo wangu alipona. Dawa nayo ililetwa baada ya siku chache. Je, ni picha ile iliyoileta? Nimeyasomea mambo haya chuo kikuu, na bado sijui.

Namimina maji ya glasi kwenye sufuria, nawasha jiko niyachemshe, kama Mama siku ile.