Picha za Kuuza Nyumba ya Mama

Kazi yangu ni kuzifanya nyumba za watu zipendeze. Madalali wa mji wa Kisii hunipigia simu, nami naenda na kamera yangu, nafungua mapazia, naondoa mabeseni na kalenda za miaka iliyopita, nachuchumaa kwenye kona ili sakafu ionekane pana. Wanaosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawajawahi kuuza nyumba. Nyumba zote hujitembeza, na anayezitembeza ni mimi.

Mwaka jana nilipiga picha za nyumba niliyozaliwa.

Mama alikuwa ameanza kusafishwa damu mjini mara mbili kwa wiki, kwa sababu figo zake zilikuwa zimeshindwa na kazi. Kutoka kwetu Ikonge, hiyo ni safari ya kuamka kabla ya jogoo na kurudi akiwa amelala begani kwangu. Mvua ikiharibu barabara alikosa zamu yake, akavimba miguu na uso. Daktari alituambia bila kuzungusha maneno kwamba akiendelea kukosa hivyo, hatamaliza mwaka. Mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Nilikaa na dada yangu aliyeolewa Mosocho, tukaamua boma liuzwe pamoja na kishamba cha majani chai, Mama apate nyumba ndogo mjini karibu na hospitali. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Alisema upesi mno, na mimi, mpumbavu, nikashukuru.

Nilichagua asubuhi ya jua baada ya mvua, migomba imeoshwa na mabati yanang'aa. Nilifagia uani, nikafyeka nyasi za mbele kwa panga, nikahamisha banda la kuku. Tatizo lilikuwa Baba. Amelala kulia mwa nyumba ukitoka mlangoni, kama wanaume wote wa kwetu wanavyolazwa, na kaburi lake la saruji liko hatua tatu tu kutoka ukutani. Mnunuzi akiona kaburi kwenye picha hapigi hata simu. Mimi mwenyewe nimewafundisha madalali wengi kwamba kaburi lisionekane, mtu atalikuta akija, akiwa ameshaipenda nyumba. Basi nikasogea huku, nikapiga magoti kule, mwisho nikaingia katikati ya majani chai upande wa kushoto, nikapata mahali ambapo ukuta ulimficha Baba wote.

Ilitoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Watu husema mganga hajigangi, lakini mimi nilijiganga, na nilifurahi. Hilo nalo naliandika, maana lingekuwa rahisi kuliacha.

Jioni nikamtumia dalali picha zote, halafu nikamwonyesha Mama. Alikuwa ameketi barazani akichagua maharagwe kwenye ungo. Alizitazama pole pole, akacheka kidogo kuona chumba chake kimekuwa kikubwa kama cha mchungaji. Alipofika kwenye ile ya mbele, akaikazia macho.

"Baba yako umemweka wapi?" akauliza.

Nikamweleza mambo ya biashara. Nikamwambia kaburi litabaki palepale, tutaandikiana na mnunuzi, hakuna atakayeligusa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kidole kwenye zile nyasi nilizofyeka, kushoto mwa mlango.

"Na hapa ni kwangu," akasema. "Hapa umepaacha."

Kwetu mke hulazwa kushoto mwa nyumba yake. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto, nimesimama kwenye mazishi ya namna hiyo mara nyingi kuliko harusi. Kumbe nilikuwa nimehangaika siku nzima na kaburi lililopo, nikalisahau ambalo bado. Nani atanunua boma, kisha akubali tumrudishe mtu kwa jeneza mbele ya mlango wake? Makaburi ya mjini, machoni pa watu wetu, ni ya mtu asiye na kwao. Nikamuuliza Mama kwa nini basi alisema sawa.

"Nilidhani mmeshafikiria," akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Siku ya tatu simu ikaita. Alikuwa mfanyabiashara wa Keroka, amepewa namba yangu na dalali, na picha zilikuwa zimempendeza, hasa ile ya mbele. Wiki hiyo mvua ilikuwa imetufungia barabara na Mama alikuwa amekosa zamu. Alikuwa kando yangu akisikiliza, kwa kuwa niliweka simu kwenye spika, miguu iliyovimba ameiweka juu ya kigoda. Kiswahili hukisema kwa shida, lakini hukielewa vizuri. Yule bwana akauliza habari za maji, akauliza taito, hati ya shamba, iko kwa jina la nani, akasema anaweza kuja kesho na pesa za kuanzia. Nilishaanza kuiona nyumba ya mjini, dirisha lake likitazama lango la hospitali.

"Na kaburi," akasema, "ziko ngapi hapo?"

Mama hakuniangalia. Aliangalia majani chai. Ningesema moja, na ingekuwa kweli.

"Mbili," nikasema.

Yule bwana akaniambia pole na kwamba atanitafuta. Hakunitafuta, wala hajapiga mwingine.

"Umejibu vizuri, mwanangu," Mama akasema kwa Kigusii, akanishika mkono. Alikuwa amefurahi, mara ya kwanza tangu augue. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimemkatia mama yangu njia ya hospitali, naye amenishukuru.