Zuio la Siku ya Kuhama

Fundi wa makochi alitengana na mkewe, muuguzi, binti yao akiwa na miaka sita. Mama alimwambia hakimu kwamba mtoto anamwogopa baba yake. Fundi hakuwahi hata kumkaripia yule binti. Akapewa Jumamosi mbili kwa mwezi, saa mbili tu, ndani ya ofisi ya ustawi wa jamii. Alitoka pale na fundo moyoni.

Mwaka mzima walicheza karata kwenye meza ya ofisi, afisa akiandika kila walipocheka. Jumamosi moja mtoto akamnong'oneza, "Baba, tunahama! Mji mwingine. Nitakuwa na chumba changu."

"Lini, mwanangu?"

"Tukifunga shule. Lakini usimwambie mtu."

Fundi akatabasamu, akachanganya karata. Mama hakuwa ameomba ruhusa ya mahakama, ingawa amri ya hakimu ilimtaka aombe kabla ya kumhamisha mtoto.

"Mpigie simu, mzungumze," dada wa fundi alimsihi.

"Yeye alinipigia kabla ya kunivua nguo mbele za watu?"

Akasubiri. Akamwacha muuguzi aache kazi, arudishe nyumba ya kupanga, afunge mizigo. Wiki ya mwisho ndipo akaenda mahakamani, na asubuhi ya safari tarishi akamkabidhi mama zuio, lori likiwa limeshajaa. Fundi alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, akitazama magodoro yakishushwa moja baada ya jingine. Alijisikia mwepesi kama aliyetua gunia la saruji. Kisha binti yake akamwona. Hakumpungia.

Kwenye shauri hakimu alimuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Mwezi mzima, mheshimiwa."

Hakimu alimtazama sana. Hata hivyo mama alikaripiwa, na baba akapewa mtoto kila mwisho wa wiki, nyumbani kwake, bila afisa.

Sasa binti huja, hukaa karakanani akikata vipande vya vitambaa.

"Shuleni kuna jipya?"

"Hamna."

"Na wewe, hujambo?"

"Sijambo."

Kila swali hulipima kwanza, kama shahidi.

Dada wa fundi alimuuliza kaka yake kama anajuta.

"Kwa mama yake? Hata chembe. Ningerudia kesho," alisema fundi, meno yakiwa yamebana misumari. "Na kwa mtoto?" dada akauliza. Fundi alivuta kitambaa juu ya sponji, akagongelea kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, mpaka ubao ukapasuka.