Mnara wa Nyumba ya Baba

Kanisa la misheni lilikuwa na mnara wenye kengele, na mashamba ya wazungu kule Nyansiongo yalikuwa na mnara wa tangi la maji. Sisi tulikuwa na wetu: mti mwembamba wenye ncha, uliosimama kileleni mwa paa la nyasi la nyumba ya baba. Mti huo ulimaanisha mwenye nyumba yu hai. Akifa unang'olewa, na mpita njia hana haja ya kuuliza.

Miaka michache baada ya Uhuru, baba alilazwa mjini Kisii, mapafu yakimsumbua. Ijumaa moja nikitoka shule nilifika kilima cha ng'ambo, mahali nilipozoea kutazama nyumbani, nikaona paa halina mti.

Niliogopa kwenda, nikaogopa kubaki. Hata kilio sikusikia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilidhani wamelia mpaka wamechoka, mimi nikiwa darasani nakariri hesabu.

Nilivuka kijito, na kwenye migomba yetu nikamkuta mama amesimama na jembe, uso umempauka. Naye alikuwa ameliona paa kutoka shambani, miguu ikagoma kumfikisha nyumbani.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nikasema hakuna. Alidhani nimemletea habari. Mimi nilidhani anayo yeye. Tukashikana mikono tukapanda, mama akinong'ona sala ambayo haikufika amina.

Uani tulimkuta mdogo wake baba, jasho linamtiririka na anatabasamu. Alikuwa ameleta fundi na mabati kutoka Suneka, kaka yake akirudi akute nyumba ya kisasa. Walikuwa wameanzia kileleni. Mti ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kwa baba mdogo mambo hayo yalikuwa ya kale. Alikuwa mtu mwema, na siku ile nilimchukia kabisa.

Mama hakumfokea. "Shemeji, urudishe," alisema. "Mume wangu bado anapumua."

Baba mdogo akaeleza kwamba mabati hayatakuwa na pa kuuchomeka. Mama akaketi chini palepale, akasema basi haondoki. Fundi, aliyekuwa ameung'oa shingo upande, alipanda akaufunga kwa waya.

Hofu haikutuacha kwa hilo. Kesho yake ilikuwa Sabato, na mama hakuwa mtu wa kukosa kanisa, lakini tulitembea hadi Kisii. Mlangoni mwa wodi mama alisimama, akaniambia nitangulie kuchungulia.

Baba alikuwa ameketi kitandani anamenya ndizi. Mama alipoingia, baba akauliza mbona tunamtazama hivyo, kwani nani amekufa.

"Hakuna," mama alisema. "Tumekuja kukuona tu."

Kisha akaingiza mkono chini ya blanketi, akamshika mguu, na hakuuachia mpaka muuguzi alipotutoa.