Kiganja Juu ya Spika

Fundi wa redio pale soko la Sultan Hamud hupuliza vumbi kwenye kila kifaa kabla hajakifungua. Siku hizi pia hutazama sana midomo ya wateja, maana sikio la kulia lilishakufa na la kushoto linalifuata, naye hajamwambia mtu. Juzi Roselyne, mwalimu wa kwaya, alikuja kuchukua kisanduku alichotengenezewa na fundi, chenye swichi ya kuhamisha sauti ya redio kati ya spika na hedifoni. Fundi aliunganisha nyaya, akageuza swichi, akajisifu: "Sikia vile spika inalia!"

Roselyne alisita, kisha akatabasamu. "Inalia vizuri sana, fundi."

Hapo fundi akaweka kiganja juu ya spika, akakuta imetulia tuli. Swichi ilikuwa upande wa hedifoni. Miaka thelathini watu walikuwa wamemgombeza kwa kazi mbaya, lakini hakuna aliyewahi kumhurumia. Akairudisha swichi upande wa spika, na spika ikatetemeka chini ya mkono wake.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "usiambie watu wa hapa sokoni."

"Siambii mtu," Roselyne akajibu polepole, lakini fundi alikuwa ameinama, hakujua kama amejibiwa.