Wali wangu wa kwanza ukweni uligeuka bokoboko, sababu nimeijua uzeeni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Shikamoo zenu nazipokea mapema, mimi ni bibi wa Tanga. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Miaka ya hamsini niliolewa kutoka Pongwe kwenda Mabawa. Kwetu bi harusi alipelekwa na mchele wa shamba la mamake, na wali wa kwanza ukweni ndio mtihani.

Mama alinipa mchele mweupe kama chokaa. Mbegu ngeni, aliipanda makusudi kwa harusi yangu, wala hakuwahi kuuonja.

Nikapika kwa tui, nikapalia makaa. Kufunua, punje zimekumbatiana!

Mama mkwe akachota kwa vidole.

"Mwanangu, huu wali au bokoboko?"

Kesho yake nikapunguza maji. Yale yale. Nililia, wakuu.

"Kwa hali hii nakurudisha kwa kungwi wako akakufunde upya," akasema.

Hiyo aibu ingefika Pongwe kabla yangu, na mama angeinamisha kichwa mpaka anaingia kaburini.

Kabla ya kunirudisha, akashika mwiko mwenyewe ili nione wanaojua wanavyopika.

Akafunua. Bokoboko.

Nilijikaza nisicheke. Akafunika sufuria taratibu.

Sasa juzi mjukuu wangu anayesomea mimea kanieleza. Ndani ya punje ya mpunga kuna kimeng'enya kinachojenga wanga. Kina sehemu mbili na mwanya katikati. Sukari inaingia mwanyani, kinaiunganisha moja moja mpaka inakuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo ndizo zinazofanya wali uchambuke.

Kuna mpunga ambao kimeng'enya hicho kimeharibika. Unabaki wanga wa matawi matawi tu, na huo unanata. Punje zake ndizo zinazokuwa nyeupe pe.

Yaani weupe aliojivunia mama ndio ulioniponza. Maskini mamangu.

Turudi jikoni. Mkwe akaniambia, "Mamako asijue. Akiuliza, tumeula ukaisha."

Na kweli uliisha. Tuliutwanga, tukala vitumbua. Habari ya kungwi sikuisikia tena.

Mama alipokuja kunitazama, mkwe alimshika mkono. "Dada, mchele wako ule, hatujapata kula mfano wake."

Mama alirudi Pongwe anatabasamu njia nzima. Nilimpenda mkwe wangu tangu siku hiyo.

Kwa hiyo wakuu, kabla hujamrudisha mpishi, kagua mchele. Nanyi mlioumbuka ukweni, sogeeni jikoni mseme yenu.